Haina Safu Yake

Tarehe tano, ukungu haujauachia mji wa Newala,
nimesimama kwenye baraza ya Ustawi wa Jamii,
elfu arobaini mfuko wa shati, kifungo kimefungwa.
Mbele yangu fundi baiskeli, mbele yake mwalimu
anayejifanya kaja kuulizia mambo mengine.
Hatusalimiani sana. Kila mtu anasoma bango la surua.

Hakimu alisema: kila mwezi, kupitia ofisi.
Maana yake, mkono wangu
usiguse mkono wa Somoe.
Mwanzo nililipa kama mtu anayelipa faini,
noti nazisukuma, sahihi naikwaruza,
stakabadhi nakunja mara nne
naitia kwenye kopo la maziwa ya unga:
akikua ataziona, atahesabu mwenyewe.

Msimu ule korosho zilinyeshewa, mnada ukasogezwa,
nikachelewa wiki mbili.
Bi Nangumbi wa dirishani hakunigombeza.
"Tumbo la mtoto halingoji mnada, Mfaume."
Nikauza bomba la salfa.

Daftari lake kubwa, mistari ya bluu.
Jina langu na jina la Somoe, mstari mmoja,
mimi nimetoa, yeye kapokea.
Ndipo pekee tunapokaa pamoja siku hizi,
na katikati yetu neno "mtoto",
herufi ndogo.
Nikasema, ana jina huyo.
Akanitazama juu ya miwani,
akaandika pembeni, kwa kubana: Siwema.

Mwezi wa saba nikakuta bahasha inanisubiri.
Ndani elfu nne na mia tano,
na karatasi ya dukani:
viatu vya shule, jozi moja, namba 33.
Nyuma yake, mwandiko ninaoujua:
"Vilipungua bei. Chenji yako."

Thelathini na tatu.
Mimi nilimwacha akivaa ndala za mamake,
akiziburuza uani, pwata, pwata,
anaanguka, anacheka, anainuka nazo.
Stakabadhi thelathini na moja koponi
na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia
mguu wa mwanangu umefika wapi.

Nikazirudisha zile pesa dirishani.
"Wape. Anunue soksi."
Bi Nangumbi akafungua daftari,
kidole kikapita juu ya vichwa:
tarehe, kiasi, mtoaji, mpokeaji, sahihi.
"Hii," akasema, "haina safu yake."
Nyuma yangu mtu akakohoa.
Kalamu ilikuwa bado hewani,
haijagusa karatasi.