Dakika Moja ya Siki

"Ndiyo hii hii ya kachumbari?" aliuliza Bi Tatu Semhando,
muuza achari wa soko la Mgandini,
pua yake ikiitambua harufu kabla hajapanda kitandani.
Ndiyo hiyo, mama. Imezimuliwa tu.
Akacheka mpaka karatasi ya kitanda ikachanika.

Nikawasha taa. Nikachovya pamba.
Siki ikishagusa shingo ya kizazi, unangoja dakika moja,
wala huifupishi kwa sababu foleni imefika barazani
na umeme wa Bombo unakonyeza.
Penye nyama nzima hakuna jipya: waridi ni waridi.
Penye jambo, weupe hupanda taratibu
kama utandu wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Tukahesabu wote wawili, yeye kwa Kibondei, mimi moyoni.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.
Hawakutuambia habari za jambo lisilopigiwa mbiu.

Kirusi hiki hakiji kwa kishindo.
Hakina homa, hakina kikohozi, damuni hakipiti.
Huingilia kwenye mkwaruzo usioonekana,
kikashuka hadi tabaka la chini kabisa, zinakozaliwa seli,
kikaketi.
Seli iliyoingiliwa hupaswa kupiga pembe:
jirani, funga mlango! jirani, ita askari!
Chenyewe huiziba pembe kwa kiganja.
Hakivunji kitu. Kinanyamazisha tu,
na askari wa mwili wanapita njiani wakizungumza,
wanaona ua umefagiwa, taa inawaka,
wanapita.

Mara nyingi, lazima niseme, kinashindwa.
Mwaka, miaka miwili, mwili unanusa uongo,
mbiu inalia hata kwa nusu pumzi, mgeni anatolewa,
na mwenye nyumba hajui kamwe kwamba alikuwa na mgeni.

Lakini yupo asiyetoka.
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe;
huyu hakungoja kupewa.
Kwanza alimmaliza mlinzi wa zamu,
yule anayeiambia seli iliyoharibika: wewe, usizae.
Kisha akaing'oa breki.
Halafu akalima. Akalima masika, akalima vuli,
akalima miaka kumi na mitano ndani ya mwanamke
aliyekuwa akimenya maembe, akiwasuka wajukuu,
akidhani uchovu ni uzee na jua.

Mama yangu alilimwa hivyo, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Sisi mbiu tuliisikia siku damu ilipotoka,
miaka sita baada ya hedhi kukoma.
Shamba lilishafika kwenye figo.
Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

"Hamsini na nane," alisema Bi Tatu, sasa kwa Kiswahili. "Hamsini na tisa."

Upande wa saa tatu, doa.
Dogo, lenye kingo kali, kama punje ya mchele.
Nikamweleza. Hakucheka.
"Ni saratani?"
Bado, mama. Ni njia inayoelekea huko. Leo tunaifunga.
Chuma chenye joto, sekunde arobaini na tano,
harufu ya unywele ulioguswa na mshumaa.
Alinibana mkono mpaka pete yake ikaniachia alama.

Alipokuwa akivaa alisema mjukuu wake
amechanjwa shuleni, kule Pongwe, bega likavimba siku mbili,
naye akaenda kuwatukana walimu.
Nikamwambia: uvimbe ule ndio mbiu yenyewe, inafundishwa kulia.
"Basi nitawapelekea achari."

Kisha, upindo wa kanga ukiwa mdomoni:
"Na wewe, mwanangu? Wewe ulipima lini?"

Nilijifanya natafuta faili.

Saa kumi, foleni imekwisha. Nimemwita Sista Mwanaheri,
nimemkabidhi taa, chupa, pamba.
Dari ya chumba hiki ina ufa unaopinda kama mto Zigi,
miaka minane sijawahi kuuona.
Siki ni baridi kuliko nilivyokuwa nikiwaambia watu.
Mwanaheri haongei.
Moja. Mbili. Tatu.