Kabla ya Saa Kumi na Moja

Kayalvizhi, umeniuliza kwa nini
glasi yangu mezani haipungui.
Kaa. Legeza hivyo vitambaa vya shingoni.
Jalada la mwenye kinu cha mpunga litasubiri,
limesubiri miaka tisa, halifi leo.

Nilipoanza, katika mji huu wa vumbi kusini mwa Madurai,
tulikuwa wawili: mimi na Bi Vasantha,
aliyevaa joho la marehemu kaka yake,
mikono ameikunja mara mbili.
Mahakama ilikuwa na vyumba sita vya kesi,
kantini, banda la wapiga chapa,
na vyoo vitatu, vyote vya wanaume.
Waliojenga hawakutukataza kuingia.
Hawakutuwazia tu.
Na asiyekuwazia, utamshitaki kwa kifungu gani?

Basi tukajifunza kutokunywa.
Nusu kikombe cha chai alfajiri, imetosha.
Haba na haba hujaza kibaba,
nami kibaba changu nakijua ujazo wake
kuliko niijuavyo Sheria ya Ushahidi.
Nimehoji mashahidi magoti nimeyabana.
Nimeomba kesi iahirishwe, "hati haijafika,"
na hati iko mkobani.
Siku niliyoshinda shauri la mpaka wa shamba
mteja alifurahi: "Mama, ulisema upesi kama moto!"
Sikumwambia moto ulikuwa wapi.

(Mteja huyohuyo, asubuhi, alikuwa ameniuliza
wakili mwenyewe atafika saa ngapi.)

Vasantha figo zilimshinda.
Aliacha mashauri arobaini na moja mezani,
mengi ya talaka na matunzo ya watoto,
maana ya ardhi na mauaji wakigawana wao.
Siku ya kumuaga, jaji alimsifu kwa uvumilivu.
Nikatazama sakafu.
Tangu hapo neno hilo likinijia kinywani, nalitema.

Tuliandika barua.
Ya kwanza ikajibiwa: hakuna fungu.
Ya pili: idadi yenu ni ndogo.
Ya tatu ilipotea,
katika ofisi ambayo risiti ya kilo moja ya misumari
ya mwaka niliozaliwa ingalipo.

Leo tuko sitini na mbili.
Chumba namba nne hakimu ni mwanamke,
anasoma haraka, hapendi porojo, namwogopa kwa raha.
Na choo kipo! Nyuma ya ghala la vielelezo,
mlango wa buluu, kibao kimekosewa herufi.
Ufunguo anao karani Arokiasamy.
Huenda kula saa saba, hurudi akipenda,
na ukimwomba huuliza kwa sauti ya mnadani:
"Wa kule?"
Mawakili wazee huinua macho magazetini.
Kwa hiyo glasi yangu haipungui.

Sasa wewe, jana.
Katikati ya kumhoji mpima ardhi, ukanyamaza.
Nikadhani umesahau swali.
Ukasema: "Mheshimiwa, naomba dakika kumi.
Choo kiko mbali, na ufunguo anao mwanamume.
Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu."
Iandikwe!
Mpiga chapa akamtazama jaji.
Jaji akalitazama feni.
Mtu nyuma akacheka, akajikuta anacheka peke yake.
Kisha nikasikia vidole vikigonga, tak, tak,
sentensi yako nzima, mpaka nukta.

Miaka ishirini na sita
nimeyaingiza kwenye kumbukumbu maneno ya wezi,
ya waume walevi, ya mashahidi wa kukodi.
Hilo moja sikuthubutu.

Sikukuita kukukemea, ingawa wanaume wa chama
wanadhani ndiyo kazi niliyokufungia mlango.
Nimekuita uone.
Hii hapa. Nimeinywa mpaka kwenye mstari huu.
Ni kidogo, najua, mazoea yana mizizi.
Kesho nitajaribu nusu.
Ila usiende mbali.
Na mpigie simu yule fundi wa funguo.