Kitone Kisichopanda Kilima

Ripoti ilisema: "Nilifika eneo husika, Igogo juu,
tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi.
Nililikagua jiwe. Jiwe ni imara.
Wakazi waondoe hofu."
Muhuri wa bluu, mviringo, umekaa vizuri.

Siku tisa baadaye jiwe lililoimarishwa kwa kalamu
liliteremka na mvua,
likapita jikoni kwa Mama Ng'washi,
likaenda kusimama kwenye ukuta wa kanisa
kama lililochelewa ibada.

Mimi nauza luku na vocha pale chini, zinapoanzia ngazi.
Kila apandaye hunipita.
Nikaenda kusema: huyu bwana sikumwona.
Ofisini wakaniuliza, ushahidi wako nini, mama?
Macho.
Wakacheka kwa adabu.

Ndipo Bulugu, mtoto wa Nkwimba fundi cherehani,
akatuambia jambo ambalo hatukulisadiki:
kwamba nyayo zetu zinauzwa.
Ile tochi ya bure uliyoipakua,
ule mchezo wa kubashiri mpira,
kila baada ya dakika chache vinanong'ona ulipo
kwa kampuni ya mbali,
nayo inawauzia wauza sabuni
wajue tunapita wapi na ndoo.
Na mwenye hela yeyote anauziwa.

Tukafungua sanduku la vikoba, kufuli zote tatu.
Hela ya ada. Hela ya mabati ya Kwilasa.
"Tunanunua nini?" akauliza Kwilasa. "Upepo?"
Tulinunua mwezi mmoja wa Mwanza.

Ulikuja bila majina, vitone tu,
vimetapakaa kwenye kioo kama dagaa juani.
Lakini kitone kina mazoea,
na mazoea ni jina.
Kimoja kililala Kiseke kila usiku,
kila asubuhi kikaamkia ofisi ya wahandisi,
kwenye kivuli kile kile cha maegesho.
Tarehe kumi na nne, saa nne,
kilikuwa Luchelele, ufukweni, penye sato wa kuchoma.
Kilikaa mpaka saa tisa.
Igogo hakikupanda hata ngazi moja.

Mkutanoni mhandisi alisimama, akafunga kifungo cha koti.
"Simu si mtu. Simu niliiacha kwa dereva."
Nkwimba akatoa pini mdomoni.
"Basi dereva ndiye aliyekula sato.
Wewe uliyepanda, tuambie: ngazi zetu zina vidato vingapi?"
Kimya.
Watoto wakajibu kutoka dirishani:
mia na themanini na saba,
na cha mwisho kimevunjika!

Ningependa kuishia hapo, kwenye vicheko.
Lakini usiku ule niliirudia ramani peke yangu
nikajikuta.
Kitone changu kinaamka saa kumi,
kinashuka, kinapanda,
mara mbili kimekwenda hospitali ya rufaa,
safari ambayo hata mume wangu hajui.
Kumbe iko bei.

Na jikoni kwa Mama Ng'washi,
usiku wa tarehe ishirini na tatu,
kulikuwa na kitone
kilichonong'ona mahali pamoja, chini ya jiwe,
siku moja na nusu,
mpaka chaji ikaisha.
Wauza sabuni walikilipia na hicho.

Siku hizi wakubwa wakija wanaacha simu kwenye magari.
Wamejifunza.
Mimi niliifuta ile tochi, kisha nikairudisha.
Mchana kutwa simu nimeizima, wateja wananilaumu.
Ila kuna jiwe la pili, juu ya nyumba ya Kwilasa.
Mwaka jana ufa wake uliingia kidole.
Sasa unaingia kiganja.
Kila jioni nafika chini yake,
nawasha simu,
nasimama dakika kumi nikitazama ziwa,
ili kitone changu kiandikwe hapo,
kinunuliwe hapo.