Kwa Mhariri, Kuhusu Ukurasa wa Tisini

Bahasha imefika Butwal na unyevu wa mvua,
na ndani yake muswada wangu umetapakaa duara nyekundu
kama mtoto aliyeshikwa na surua.
Umehesabu: maneno mia mbili na kumi na manne ya Kiingereza.
Pembeni mwa kila moja umeniandikia mbadala,
maneno marefu, safi, yaliyooshwa kwa Kisanskriti,
ambayo sijamsikia mtu akiyatamka akiwa na njaa.

Simu, kwa mfano, umeiita "durbhash".
Bwana Lohani, nimekaa kwenye swichibodi miaka ishirini na saba.
Nimewaunganisha wauza saruji, wakuu wa wilaya,
makuhani wakitafutiana tarehe njema ya harusi,
wake waliosimama kibandani na mtoto mgongoni
wakingoja sauti kutoka Doha.
Hakuna hata mmoja aliyeniomba durbhash.
Walisema "haloo".
Laini ilipokatika walisema laini imekatika,
kisha wakalia, na kilio kilikuwa cha Kinepali.

Mpwa wangu Sarumaya, anayenipigia chapa, aliniuliza:
shangazi, haya tuyaandike kwa herufi zipi?
Zetu, unajua, huning'inia kwenye mstari wa juu
kama nguo kwenye kamba;
zile za Kiingereza husimama chini, kwa miguu yao,
kama watu kwenye foleni.
Nikamwambia: anika yote kamba moja.
Yamekaukia kwangu. Jua ni lilelile.

Sikatai, mahali pamoja una haki.
Ukurasa wa kumi na moja niliandika "hepi"
juu ya siku dada yangu aliporudi kutoka kwa wakwe
na mbuzi wawili.
Nilikuwa na miaka sita, neno hilo halikuwepo kijijini;
furaha yetu ilinukia samli na moshi.
Nimelifuta mwenyewe.

Lakini "tensheni" ya mama yangu iache.
Hakulijua hata jina lake likiandikwa,
hakuvaa kiatu mpaka mshahara wangu wa pili,
na neno hilo alilitumia kila jioni akihesabu magunzi.
Sijui lilipandaje mlima.
Labda lilikuja na chumvi.

Sasa, ukurasa wa tisini.

Mume wangu Tekbahadur hakuwahi kuniomba radhi.
Si alipouza vipuli vyangu,
si usiku ule wa mlango, ambao wewe umeusoma.
Kwetu mume haombi. "Kshama" ni neno la mbele ya miungu,
hulisemi bila kuinama.
Kisha jioni moja ya mwezi wa Kartik,
masikio yangu bado yana alama za vifaa vya kusikilizia,
alisimama penye mlango wa jiko,
akaitazama sufuria, si mimi,
akasema: "Sori."

Neno jepesi, la watu waliokanyagana sokoni.
Lilimtoka kwa sababu halikuwa na uzito,
kwa sababu halikumdai ainame.
Nikakoroga dengu.
Nikasema: "Okei."
Ndoa yetu nzima, Bwana Lohani, imo humo,
katika maneno mawili
ambayo hakuna babu yetu aliyeyajua.

Nawe umelikata, ukaandika kshama,
kwa mwandiko mzuri sana.
Umempigisha magoti mtu
ambaye magoti yake niliyajua miaka thelathini na minne,
niliyakanda kwa mafuta ya haradali kila baridi ilipoingia.
Hayakukunjika.
Umemfanya mwema kuliko alivyokuwa,
na mimi nimebaki kwenye karatasi
nikiwa mjane wa mtu mwingine.

Rudisha neno lake dogo.
Hayo mengine tunaweza kujadiliana.
Nipigie asubuhi, kabla umeme haujakatika.
Namba ni ileile.