Faili Elfu Kumi na Moja

Kutaisi, theluji dirishani.
Eteri alizihariri moja moja:
mwimbaji, mwaka, kijiji,
hifadhi, subiri kiduara kizunguke.
Arobaini kwa siku. Haba na haba,
ila kibaba hiki kingejaa yeye yu kaburini.

Jana Badri kamwandikia mistari sita ya msimbo:
popote penye "Hajulikani"
chukua jina la folda, jaza.
Akabonyeza. Chai haijapoa,
sauti elfu kumi na moja zimepata wenyewe.

Kasoro moja.
Mwanamke anakohoa, anacheka,
anaanza wimbo wa kubembeleza mtoto, anaukatiza.
Folda haina jina.

Eteri kaisikiliza mara nne.
Penye mwimbaji kaandika, herufi kwa herufi:
Mama Mwenye Kikohozi.
Hifadhi.
Kiduara kikazunguka.