Zamu ya Usiku, Milwaukee

Lorraine amefunga injini miaka thelathini na moja.
Leo laini ya pili imezimwa saa nne;
theluji imelala kwenye mlango wa mizigo, haina wa kuikanyaga.

Wateja wetu wameota mvi, magoti yamegoma.
Wakitoka hospitali wanauza pikipiki
kwa bei ya friji.
Vijana? Wao na skuta za betri, kimya kama paka.

Jana wakubwa walituletea ya umeme.
Mhandisi akabonyeza kitufe. Tukasubiri ingurume.
"Mbona imeshawaka," akasema.

Tukacheka sote ila Lorraine.
Akaweka kiganja juu ya tangi lisilo na petroli,
kama anayepapasa kitanda
upande aliolala marehemu,
kisha akauliza inauzwaje.