Vinchuka Watatu Ndani ya Kibiriti

Nimewaleta, nesi. Watatu, ndani ya kibiriti.
Ulisema unawataka wakiwa hai, nami nimeshuka nao mlima
saa nne nzima, wakikwaruza karatasi
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Mmoja nilimtoa juu ya kitanda cha mjukuu,
mmoja nyuma ya picha ya Bikira,
na huyu wa tatu, aliyevimba,
sijui damu aliyoibeba ni ya nani kati yetu.

Kwetu Rumi Kancha kuta ni udongo na majani makavu.
Baba mkwe alizikanyaga kwa miguu yake,
akazipanga, akajigamba: nyumba hii itanizika.
Nyumba ilisikia vibaya. Ikamzika mwanawe.

Husemwa kikulacho ki nguoni mwako.
Chetu ki ukutani. Ki darini, ki chini ya mto,
ki jikoni walikolala simbilisi,
wala hakina kelele za mbu.
Kinambusu usoni aliyelala,
kinashiba, kinajisaidia palepale, kinaondoka.
Unajikuna.
Basi. Mlango umeufungua mwenyewe.

Nemesio alijikuna akiwa na miaka saba.
Jicho moja lilivimba siku ya kuvuna viazi,
watoto wenzake wakamcheka.
Ugonjwa ukaketi. Ukamwacha aoe,
ukamwacha alime, azae Delmira na Wilber,
ukangoja, una subira kuliko mkopeshaji.

Alipofika arobaini na mbili, daktari wa mjini
aliinua picha nyeusi dirishani, akasema:
moyo wake ni mkubwa.
Nikatabasamu. Nani asiyejua?
Mwaka wa baridi kali aliwalimia wajane watatu
asichukue hata gunia.
Ni kweli, nikasema, ana moyo mkubwa.
Daktari akatazama viatu vyangu.

Mashine ya kuushtua moyo ilikuwa na bei.
Tuliuza maksai mmoja. Bei haikutikisika.
Na maksai mmoja halimi, nira ina mabega mawili;
Nemesio akaweka lake upande wa pili.
Walikwenda mifuo minne na nusu.
Ile nusu ipo mpaka leo. Sijapanda kitu.

Delmira alikwenda kwenye kiwanda cha kushona suruali.
Walimpima damu kabla hawajampima mkono.
Haumwi! Anapanda mlima na mtungi kichwani akiimba.
Wakamrudishia cheti chake, kimekunjwa mara nne.
Sasa anaosha vyombo kwa bwana asiyeuliza maswali,
asiyeuliza pia kama mshahara umetosha.
Wilber amekataa kupimwa.
Nisipojua, anasema, sina.

Mwaka wa uchaguzi walikuja vijana na pampu mgongoni.
Nyumba ilinuka dawa hadi kwenye chumvi.
Wakaandika namba nyekundu mlangoni: 31.
Uchaguzi ulipopita hawakurudi.
Vinchuka wamerudi. Hawajui kusoma.

Sasa nakanyaga udongo mimi,
chokaa, mchanga, na ute wa mpungate ushikamane.
Nimeziba ukuta mmoja, ule wa mjukuu.
Kuta tatu zinangoja mifuko ya chokaa,
na mifuko inangoja viazi,
na viazi, nimeshakuambia, ni mifuo minne na nusu.
Usiku napitisha kidole kwenye nyufa
kama kipofu asomaye barua asiyoitaka.

Haya, andika. Eduviges Colque, nyumba namba 31.
Mjukuu ana miaka mitano, jina lake Yamil,
nimemleta, yuko pale mlangoni amelala kwenye mzigo.
Ulisema kwa watoto vidonge vinawahi. Ulisema hivyo,
nilikusikia, nimekuja na neno hilo saa nne.
Mtoe damu akiwa usingizini kama inawezekana.
Amezoea.

Na ukimaliza na wadudu, nirudishie kibiriti.
Njiti zake nimezifunga kwenye leso.
Usiku utakapoingia nitazihitaji.